Mkubwa Jalala: Nyota wa Kikapu na Makosa ya Wenzake

Tarehe 25 Januari 2017, Chicago Bulls waliwatangulia Atlanta Hawks kwa pointi kumi zikiwa zimesalia dakika tatu hivi, wakiwa uwanja wa nyumbani, na bado wakafungwa 119 kwa 114. Katika ligi ya NBA, ambako kila timu hucheza michezo 82 kwa msimu, mkasa wa namna hiyo hutokea na kusahaulika. Huu haukusahaulika kwa sababu ya yaliyofuata baada ya kipyenga, waandishi wa habari walipofunguliwa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Dwyane Wade, mtu mwenye pete tatu za ubingwa, alisema akimtazama Jimmy Butler anaona mtu anayefanya kazi yake, na Butler anaweza kusema vivyo hivyo juu yake, lakini ukizidi kushuka kwenye orodha ya kikosi hana hakika na wanaobaki. Butler naye, kwa maneno makali ambayo gazeti la heshima haliyachapi, akasema wenzake wajifunze kuumia timu inapofungwa.

Siku iliyofuata mwenzao Rajon Rondo akaandika Instagram. Aliwakumbuka wakubwa zake wa Boston Celtics, aliotwaa nao ubingwa mwaka 2008 angali kijana. Wakubwa wale, alisema, hawakuwa wakikimbilia kwa waandishi. Walikuja kwa timu. Lawama walizibeba wao, na hawakuwahi kuwatupia wadogo mzigo.

Klabu ikawatoza faini wote watatu. Mchezo uliofuata Wade na Butler walianzia benchi. Bulls wakamaliza msimu wakiwa wameshinda 41 na kupoteza 41, wakaingia hatua ya mtoano wakiwa wa mwisho, na huko wakawashangaza wengi kwa kuwafunga Boston michezo miwili ya mwanzo. Kisha Rondo akavunjika kidole gumba, Boston wakashinda minne mfululizo. Kufikia Oktoba hakubaki hata mmoja: Butler alipelekwa Minnesota, Rondo aliachwa, Wade alilipwa sehemu ya mkataba wake akaondoka.

Ni rahisi kumpa Rondo ushindi wote, na mashabiki wengi walimpa. Mimi nampa nusu. Anayesema mambo ya ndani yabaki ndani, kisha akayasemea Instagram, naye ameshavuka kizingiti. Hata hivyo kuna kitu kinachomtofautisha na wale wawili, na kitu hicho si adabu. Rondo msimu ule alikuwa ameshapoteza nafasi katika kikosi cha kwanza. Asingeweza kumfukuzisha Wade wala Butler hata angepiga kelele usiku kucha. Wao waliweza kumfukuzisha mtu. Maneno yaleyale, yakitoka kwa watu wenye nguvu tofauti, si maneno yaleyale tena.

Mpira wa kikapu unampa nyota nguvu ambazo michezo mingi haitoi. Uwanjani wako watano tu kila upande, na mmoja wao anaweza kushika mpira karibu kila shambulizi. Kikosi kizima ni watu 15. Mishahara ina kikomo kinachowekwa na ligi, kwa hiyo nyota mmoja akishalipwa, wanaobaki wanagawana kilichosalia, na klabu huwachagua kwa kuangalia nani ataendana naye. Wachezaji wachache mno wana haki ya kukataa kubadilishwa. Mtu anaweza kuamka asubuhi akiwa mchezaji wa Boston na kulala akiwa wa Sacramento, watoto wakiwa katikati ya muhula wa shule. Katika mazingira hayo nyota akisema mbele ya kamera kwamba "baadhi yetu hawajitumi", wakala wa kila mchezaji wa benchi anashika simu.

Sisi tuliomfuatilia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009, tuliona jinsi riziki ya huko ilivyo nyembamba. James Harden alichaguliwa nyuma yake, Stephen Curry nyuma zaidi. Februari 2010, kabla hata ya msimu wake wa kwanza kwisha, Memphis Grizzlies walimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini. Haikuhitaji nyota yeyote kumsema. Takwimu na magazeti yalitosha. Fikiria basi mtu wa namna hiyo akiongezewa na sauti ya mwenzake mkubwa.

Kwa hiyo kila nyota anapomsema mwenzake hadharani, swali la kwanza ninalojiuliza si kama alichosema ni kweli. Mara nyingi ni kweli. Bulls wale wa Chicago kweli walikuwa wazembe usiku ule. Ninachojiuliza ni: anaongea na nani?

Anaweza kuwa anaongea na mwenzake. Hapo mtu atashangaa, kwa sababu mwenzake huyo anakaa naye ndege moja, anaoga naye bafu moja, anafanya naye mazoezi kila asubuhi. Kama ujumbe ni wake, kwa nini umpitishie kwa watu milioni kadhaa? Anaweza pia kuwa anaongea na wakubwa wa klabu, akiwaambia wamtafutie watu wengine. Au anaongea na historia, akiandikisha mapema kwamba timu ikianguka, kosa si lake. Katika visa vingi nilivyowahi kuvifuatilia, ni moja ya hayo mawili ya mwisho, na mwenzake ni kisingizio tu.

LeBron James ndiye fundi wa aina ya pili. Januari 2017, miezi saba baada ya kuwapa Cleveland ubingwa wao wa kwanza, timu ilifungwa New Orleans, naye akatangaza kwa hasira kwamba kikosi kimejaa watu juu na ni kitupu chini, na kwamba anahitaji mtu mwingine wa kupanga mchezo. Hakuna aliyetajwa jina. Lakini waliokuwa wakikaa benchi la Cleveland wakati ule walijua ni nani wameambiwa hawatoshi. Ujumbe haukuwa kwa ajili yao. Ulikuwa wa mwenye klabu na meneja mkuu, na ulifika: mwezi uliofuata Cleveland wakamsajili Deron Williams. Miaka miwili nyuma, Februari 2015, LeBron huyohuyo aliandika Twitter akimshauri mtu asiyemtaja aache kujitenga na ajifunze kuingia katika kundi. Kila aliyefuatilia ligi alimwelekezea Kevin Love kidole. Love alibaki, wakatwaa ubingwa pamoja mwaka 2016, na watetezi wa LeBron huutaja ubingwa huo kama ushahidi kwamba kijembe kilifanya kazi. Mimi naona ushahidi wa jambo jingine: Love alikuwa mchezaji mkubwa mwenye mkataba mnono, mtu anayeweza kumeza kijembe. Mtu wa mshahara wa chini kabisa asingekimeza.

Sasa upande wa pili, maana upo, na una nguvu. Waswahili husema mficha uchi hazai. Timu inayoficha ugonjwa wake kwa jina la umoja hufa nao. Mfano mzuri kuliko yote niujuao ni wa Larry Bird wa Boston, fainali za mwaka 1984. Mchezo wa tatu Los Angeles Lakers waliwafunga Boston 137 kwa 104, tofauti ya pointi 33. Baada ya mchezo Bird hakuuma maneno: alisema wamecheza kama waoga, kwa neno ambalo siku hizi lingemletea matatizo mengine. Mchezo wa nne Boston waliingia wakiwa watu tofauti kabisa. Kevin McHale alimkamata Kurt Rambis wa Lakers shingoni angani na kumbwaga chini, vurugu zikataka kuzuka, na Boston wakashinda katika muda wa nyongeza. Mchezo wa tano, katika ukumbi wa Boston Garden ambao haukuwa na viyoyozi na ambamo joto lilimlazimisha hata mchezaji kuvuta hewa ya oksijeni kando ya uwanja, Bird alifunga pointi 34 na kudaka ribaundi 17. Mchezo wa saba ulikwisha 111 kwa 102, Boston wakawa mabingwa.

Kisa hicho hutajwa kila mara mtu anapotaka kuhalalisha ulimi wa nyota. Watajao huruka mambo matatu. Bird alisema "sisi". Hakushuka na orodha kama Wade akihesabu nani yumo na nani hayumo. Alijiweka mstari wa mbele wa waoga. Pili, waliosemwa walikuwa watu wazima wenye uzito wao: McHale, Robert Parish, Dennis Johnson, na Cedric Maxwell aliyekuwa amepewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali mwaka 1981, kabla Bird hajawahi kuipata. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa hatarini kwa sababu ya hasira ya Bird. Maxwell ndiye aliyeongoza Boston kwa kufunga katika mchezo wa saba, pointi 24, baada ya kuwaambia wenzake wampande mgongoni awabebe. Tatu, siku mbili tatu baadaye Bird aliingia uwanjani akalipa deni la maneno yake kwa jasho. Ukitoa moja kati ya hayo matatu, sina hakika kama hotuba ile ingekumbukwa leo isipokuwa kama kero.

Mpime Kyrie Irving kwa kipimo hicho. Januari 2019 alikuwa nyota wa Boston hiyohiyo. Msimu uliotangulia alikuwa ameumia goti, na vijana aliowaacha uwanjani, Jayson Tatum na Jaylen Brown, walifika mchezo wa saba wa fainali ya kanda ya Mashariki bila yeye. Hilo ni jambo zito: vijana walikuwa wameonja mafanikio ambayo yeye hakushiriki. Aliporudi, timu ikasuasua. Tarehe 12 Januari walifungwa Orlando kwa kikapu kimoja. Shambulizi la mwisho Kyrie alitaka mpira, ukapewa Tatum, Tatum akakosa, na hasira ya Kyrie ilionekana kabla hajafungua mdomo. Alipoufungua, alisema vijana hawajui kinachotakiwa ili timu iwe ya kiwango cha ubingwa.

Brown hakunyamaza. Alijibu, naye mbele ya waandishi, kwamba kosa si la vijana wala la wakubwa bali ni la wote, na kwamba kunyosheana vidole hakutawafikisha popote. Siku mbili baada ya jibu hilo Kyrie alikuja na habari iliyowashangaza watu: alikuwa amempigia simu LeBron James, aliyecheza naye Cleveland, kumwomba radhi kwa jinsi alivyokuwa kijana mkaidi asiyetaka kuongozwa. Wengi waliona ni ukomavu. Mimi niliona hadithi ambayo Kyrie bado yumo katikati yake. Ukitaka kumwambia mdogo wako kwamba sasa umeelewa ugumu wa kulea, humwambii kupitia mkutano na wanahabari kwamba yeye ndiye ugumu wenyewe.

Boston walitolewa raundi ya pili na Milwaukee, mchezo mmoja kwa minne. Julai Kyrie alikwenda Brooklyn, licha ya kuwaahidi mashabiki Oktoba iliyotangulia kwamba anakusudia kubaki. Juni 2024 Boston walitwaa ubingwa, Tatum na Brown wakiwa ndio nguzo, na timu waliyoifunga katika fainali ilikuwa Dallas, michezo minne kwa mmoja. Kyrie Irving alikuwa upande wa Dallas.

Kobe Bryant wa Lakers anatupa visa viwili vinavyofaa kuwekwa kando kwa kando. Oktoba 2003, kupitia mwandishi Jim Gray wa ESPN, alimshambulia mwenzake Shaquille O'Neal: kwamba anakuja kambini mnene na hajajiandaa, kwamba kiongozi haongozi hivyo. O'Neal naye alikuwa amekwisha kumchokoza mbele ya waandishi, kwa hiyo huo ulikuwa ugomvi wa mafahali wawili, na nyasi zilikuwa Lakers yenyewe. Walikuwa na ubingwa mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Mwaka 2004 walifungwa fainali na Detroit, na mwezi mmoja baadaye O'Neal alikuwa Miami. Huwezi kusema Kobe alimwonea mtu dhaifu. Unaweza kusema wawili hao walivunja nyumba ambayo ingeweza kukaa miaka mingine.

Kisa cha pili kilitokea mwaka 2007, na ndicho kinachonisumbua zaidi. Mashabiki walimrekodi Kobe katika maegesho ya magari akimdharau Andrew Bynum na kushangaa kwa nini klabu haikumtoa ili impate Jason Kidd. Bynum alikuwa na miaka 19. Video ikaingia intaneti. Hapa hapakuwa na mkutano wa waandishi. Palikuwa na nyota, watu wasiojulikana na kamera ya mkononi. Ndipo tulipoanza kuona kwamba kwa mtu mwenye jina kubwa hakuna tena faragha nje ya chumba cha timu. Kwamba Bynum alibaki, akatwaa ubingwa na Kobe mwaka 2009 na 2010, kunaonyesha uvumilivu wa kijana yule kuliko busara ya mkubwa wake. Kidd naye aliishia Dallas, na mwaka 2011 Dallas iliwafagia Lakers minne kwa sifuri njiani kuelekea ubingwa.

Hapa atatokea mtu aniulize: mbona Michael Jordan? Filamu ya sehemu kumi juu ya Chicago Bulls ilipotoka mwaka 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, watu wengi waliitazama na kutoka na fundisho kwamba ukatili ndio unaozaa mabingwa. Jordan alimpiga mwenzake Steve Kerr ngumi usoni mazoezini mwaka 1995. Msimu ule Bulls walishinda michezo 72. Mwaka 1997, fainali dhidi ya Utah, Jordan alizingirwa, akampasia Kerr, Kerr akafunga kikapu cha ubingwa. Hadithi tamu. Na kweli Jordan, pamoja na ukali wake wote, ukali mwingi aliumalizia mazoezini, mlango ukiwa umefungwa.

Lakini siko tayari kuufanya mlango uliofungwa kuwa kitu kitakatifu. Ukuta unaomsitiri mchezaji asiaibishwe ndio huohuo unaomsitiri mwonevu. Mwandishi Sam Smith alipochapisha kitabu chake juu ya Bulls mwaka 1991, watu walijua kwa mara ya kwanza jinsi Jordan alivyowatendea wenzake, na hadi leo Jordan humshuku mwenzake wa zamani Horace Grant kwamba ndiye aliyetoa siri, naye Grant hukana. Ubaya wa fundisho la filamu ile ni kwamba wanaohojiwa ni walionusurika wakavaa pete. Mtazame Jordan huyohuyo Washington. Akiwa kiongozi wa klabu alimchagua Kwame Brown wa kwanza mwaka 2001, kijana wa miaka 19 aliyetoka moja kwa moja sekondari, kisha akavaa jezi akacheza naye na kumtolea maneno makali mazoezini ambayo baadaye yalifika magazetini. Misimu yote miwili Washington walishinda 37, wakapoteza 45, wakakosa hatua ya mtoano. Hakuna aliyetengeneza filamu ya sehemu kumi juu ya hilo.

Kinachofaa kuigwa kwa Bulls wale, kwa maoni yangu, kilitokea Jordan akiwa hayupo. Mei 1994, mchezo wa tatu dhidi ya New York, zimesalia sekunde 1.8, timu ziko sawa. Kocha Phil Jackson alipanga mpira wa mwisho apewe Toni Kukoč. Scottie Pippen, nyota wa timu mwaka ule, akakasirika akakataa kuingia uwanjani. Kukoč akafunga, Bulls wakashinda. Chumbani baadaye aliyesimama alikuwa Bill Cartwright, senta mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha, na akamwambia Pippen mbele ya wote, machozi yakimtoka, kwamba amewaangusha. Jackson aliwaachia wenyewe. Pippen akaomba radhi. Mchezo uliofuata walishinda, ingawa mwishowe New York waliwatoa katika saba. Ona mwelekeo wa maneno: mchezaji wa kawaida anamsema nyota, ana kwa ana, na nyota ndiye anayeinamisha kichwa.

Mwelekeo huo ndio unaonifanya nimtetee Marcus Smart. Tarehe 1 Novemba 2021, Boston wakiwa wameshinda miwili na kupoteza mitano, Smart aliwaambia waandishi waziwazi kwamba kila timu inajua Boston itapitishia mpira kwa Tatum na Brown, na kwamba hao wawili hawataki kutoa pasi. Hakuwa nyota, alikuwa mlinzi aliyelipwa ili awabane wapinzani. Maneno yale yangeweza kumgharimu kazi yeye, si Tatum. Timu ikaitana ikazungumza, ikaendelea kuyumba kwa miezi kadhaa, kisha ikakaa sawa na kufika fainali ya 2022, ambako Golden State waliwashinda michezo minne kwa miwili. Smart akachaguliwa mlinzi bora wa ligi. Sidai kwamba maneno yake ndiyo yaliyowafikisha. Msimu una mambo mengi. Nadai tu kwamba anayesema kuelekea juu anaweka chake mezani, na anayesema kuelekea chini anaweka cha mwenzake. Mkubwa ni jalala, na takataka hutupwa kuelekea jalalani.

Nyota wenyewe wana utetezi mmoja ambao lazima usikilizwe: hawaruhusiwi kunyamaza. Ligi inawalazimu kuzungumza na waandishi. Desemba 2020 Kyrie alitozwa dola 25,000 kwa kukataa. Na wanaulizwa wakati mbaya kuliko wote, jasho halijakauka, na mwandishi anajua afinye wapi. Fainali ya 2018, mchezo wa kwanza, sisi wa Afrika Mashariki tuliokesha tukiitazama tulikuwa tumeshaona mapambazuko. Cleveland na Golden State walikuwa 107 kwa 107 zikiwa zimesalia sekunde 4.7. George Hill wa Cleveland alikosa mtupo huru, J.R. Smith akadaka ribaundi chini ya kikapu, na badala ya kufunga au kuomba muda wa mapumziko akakimbia na mpira kuelekea katikati kama mtu aliyeamini wameshashinda. LeBron, aliyekuwa amefunga pointi 51, alinyosha mikono yote miwili kumwelekea kwa mshangao. Walifungwa katika muda wa nyongeza, 124 kwa 114.

Kwenye mkutano na waandishi aliulizwa Smith alikuwa akiwaza nini. Akasema hajui. Akaulizwa tena kwa njia nyingine, na tena, mpaka akavaa miwani ya jua, akachukua mkoba wake akatoka. Baada ya mfululizo kwisha alisema alikuwa amejiumiza mkono usiku ule kwa kupiga ubao kwa hasira. Huo, kwa hesabu yangu, ndio usiku bora wa LeBron mbele ya kipaza sauti. Alikuwa na kila sababu ya kumzika Smith, naye akachagua kuondoka kama mtu mwenye kiburi. Ni kweli mikono yake ilishasema, na picha ile ilizunguka dunia nzima. Lakini mwili hukutoroka kwa nusu sekunde. Ulimi una muda wa kufikiri.

Kisa kigumu kuliko vyote ni cha Joel Embiid wa Philadelphia, mtoto wa Yaoundé, Kamerun. Juni 20, 2021, mchezo wa saba, Philadelphia dhidi ya Atlanta. Zimesalia dakika tatu na nusu, Philadelphia wako nyuma 88 kwa 86, na Ben Simmons yuko chini ya kikapu, mbele yake mtu mfupi kuliko yeye. Angeruka tu akapachika. Akampasia Matisse Thybulle, ambaye alichezewa rafu akapata mtupo mmoja kati ya miwili. Simmons katika hatua nzima ya mtoano ile alikuwa amefunga mitupo huru 25 kati ya 73, na ilionekana wazi aliogopa kupelekwa mstarini. Philadelphia wakafungwa 103 kwa 96.

Embiid alipoulizwa, alisema kwamba mchezo uligeuka pale walipokuwa na nafasi ya wazi ya kufunga, wakapata mtupo mmoja. Hakutaja jina. Kila aliyekuwa akisikiliza alilijua. Kocha Doc Rivers, alipoulizwa kama Simmons anaweza kuwa mpangaji mchezo wa timu ya ubingwa, alijibu kwamba hajui. Majira yale ya joto Simmons aliomba kuondoka.

Wengi humtwisha Embiid mzigo wote. Mimi usiku ule namsamehe. Alikuwa amecheza na goti lililochanika, amefunga pointi 31, na aliulizwa jambo ambalo dunia nzima ililiona. Jibu lolote jingine lingekuwa uongo wa kitoto. Ingawa angeweza, na angepaswa, kuanza na mipira minane aliyoipoteza yeye mwenyewe katika mchezo uleule. Aliyemwangusha Simmons zaidi ni kocha, kwa sababu kocha ndiye mwenye kazi ya kusimama kati ya mchezaji na umati, na aliulizwa swali ambalo lilikuwa na jibu moja tu la kiungwana.

Oktoba ni habari nyingine. Simmons alirudi mazoezini shingo upande, akafukuzwa mazoezini na kusimamishwa mchezo mmoja, na Embiid akawaambia waandishi kwamba mtu huyo hamshughulishi tena na kwamba kazi yao si kulea watoto. Siku hiyo hapakuwa na jasho, wala mchezo wa saba, wala mwandishi wa kumfinya mahali pa uchungu. Palikuwa na nyota mwenye mkataba mpya wa mamilioni, na mwenzake ambaye alikuwa ameshavunjika, na ambaye siku chache baadaye alisema akili yake haiko sawa kwa kucheza. Kwa maneno ya Juni, Embiid hana hatia. Kwa ya Oktoba, anayo. Simmons hakuichezea tena Philadelphia hata mchezo mmoja.